Nilivyotaka Kumiliki Namba Nne

Masika mwanangu,

Habari ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya kutokubali chakula cha mtu usiyemjua kwenye basi, sitaiandika. Nimeisema tangu Jumatatu mpaka baba yako akabeba kiti chake akahamia nje chini ya dirisha, na hata huko nimemsikia akiguna. Unayo yote kichwani. Barua hii ni ya jambo lingine, ambalo nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Basi nina nafasi. Nimekaa juu ya gunia la chumvi, karatasi iko juu ya mfuniko wa ndoo, na jua bado lipo. Nikimaliza nitaiweka barua chini kabisa ya begi, ndani ya ile blauzi usiyoipenda, ili uikute ukishafika Jinja, mahali ambapo huwezi kugeuka ukarudi kunijibu. Ndiyo, mama yako ni mwoga. Ukisoma mbele utajua ni mwoga kiasi gani.

Jumanne uliniuliza swali. Ulikuwa umeshika ile barua ya wakili, ukasema, "Mama, wakiniuliza nani alianzisha zambarau, nisemeje?" Nami nikakujibu, "Sema unalolijua," halafu nikaanza kupiga kelele kwamba maharagwe yanaungua. Maharagwe hayakuwa yanaungua, mwanangu. Yalikuwa hata hayajabandikwa. Ukanitazama, ukaikunja barua, ukatoka. Tangu hapo tunasalimiana kwa adabu kama wageni waliokutana kwenye matanga.

Ngoja niyaseme toka mwanzo. Mengi unayajua, lakini unayajua kwa upande wako.

Huko kiwandani unakokwenda kufanya kazi watakuuliza maana ya jina lako. Usiwatungie mashairi. Waambie kwetu Bwera mzazi hahangaiki kutafuta jina, mtoto akitoka analikuta linamngoja mlangoni. Binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, na huyo wa nne ndiye mimi. Wavulana nao wana yao. Baba yako alipokuja toka Kenya kutafuta kazi ya saruji Kasese, hakuyajua haya. Wewe ulipozaliwa akatangaza kwamba utaitwa Nafula. Mama yangu akamtazama toka juu mpaka chini, akamwambia, "Huyo Nafula atazaliwa huko kwenu Bungoma. Hapa amefika Masika." Maskini Wafula wangu, akanyamaza, na amenyamaza mpaka leo. Kiswahili alichokuja nacho ndicho tulichokulea nacho, nikakichanganya na cha wateja wangu wa Kongo. Ndiyo maana nikikasirika sijulikani nimetoka upande gani wa mpaka.

Ukisimama soko la Mpondwe siku ya Ijumaa ukaita "Mbambu!", wanawake watageuka mpaka foleni ya forodha isimame. Lakini mimi nilipoanza kuuza chumvi ya Katwe kwenye pakiti, sikuliwaza hilo. Niliwaza kwamba wateja wangu wengi hawasomi, ila namba kila mtu anaijua. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika 4 kwenye kila pakiti. Mbambu, wa nne, kwisha maneno.

Nilisahau jambo moja ambalo hata mtoto wa Katwe analijua, kwamba chumvi yenyewe ina madaraja. Namba moja ya mboga, namba mbili, namba tatu ya mifugo. Sasa mimi nimekaa sokoni na rundo langu la namba nne! Mama Kahindo, yule mteja wangu wa Kasindi, upande wa Kongo, aliinua pakiti akaigeuzageuza. "Mama, hii chumvi iko ya namba ine? Mie ngombe yangu iko na heshima yake."

Nilimwonjesha kwa ncha ya kidole. Nikamwonjesha na jirani yake. Miezi mitatu niliuza chumvi kwa kuwatia watu vidole mdomoni, mpaka wakaelewa kwamba nne ni mimi, si daraja. Hiyo kazi niliifanya mwenyewe, na hiyo sitamwachia mtu.

Zambarau ndiyo yenye maneno.

Unaijua hadithi ninayowaambia watu. Kwamba nilifunga na kuomba siku tatu, usiku wa tatu nikaoteshwa utepe wa zambarau unashuka toka mlimani ukajifunga wenyewe kwenye pakiti. Nimeisimulia dukani, nimeisimulia kwenye kikundi cha akina mama, nimeisimulia kanisani mbele ya watu kama ushuhuda, na mchungaji akaipenda akaitia kwenye mahubiri yake. Wewe ulikuwa kwenye kwaya siku hiyo. Niliposema "nikaona utepe unashuka," nilikuona umeinamisha kichwa, nikajiambia, mtoto anasali.

Haya sasa, ukweli. Ulikuwa na miaka tisa, shule imefungwa. Nilikuwa nimekwenda Katwe kuchukua mzigo, nikakuachia pakiti uzifunge, na kamba zikakuishia. Mtoto mwingine angekaa angoje. Wewe ukaenda kwenye sanduku langu ukatoa gomesi yangu ya zambarau, ile iliyoshonwa kwa ajili ya harusi ya mjomba wako, niliyokuwa nimeivaa mara moja tu. Ukaichana toka chini. Ukafunga pakiti zote, kila moja na fundo lake zuri lenye masikio mawili, ukazipanga mlangoni nizione nikija.

Niliziona. Loo! Niliingia jikoni nikatoka na mwiko, na habari ya baadaye unaijua kuliko mimi, kwa sababu ulikuwa upande unaoumia. Ulizunguka nyumba mara mbili. Baba yako akasimama katikati kutuamua, akapata viboko viwili visivyokuwa vyake. Na kitu kimoja ulisema ukilia, ambacho mpaka leo kikinijia naacha ninachofanya: "Mama, nilitaka ipendeze."

Kesho yake ilikuwa soko. Sikuwa na muda wa kufungua yale mafundo, nikabeba hivyohivyo, nimenuna. Mama Kahindo akafika, akasimama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama ya ine! Leo umevalisha chumvi!" Mpaka saa sita mchana sikuwa na hata pakiti moja. Soko lililofuata walikuja wakisema, "Leta ile iko na kamba ya violet." Hawakuuliza tena namba. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikatoa ile gomesi, nikaichana iliyobaki kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimekupiga kwa kuanza kazi ambayo mimi niliimaliza.

Hapo ndipo ningesema samahani. Ilikuwa rahisi, neno moja, na wewe ulikuwa hapo uani unamenya ndizi. Lakini sisi wazazi wa huku, mwanangu, kumwomba mtoto msamaha tunaona ni kama kuvua nguo sokoni. Nikakununulia soda. Ukainywa. Nikahesabu yameisha. Halafu watu walipoanza kuuliza, "Mbambu, hii akili ya utepe umeitoa wapi?", ningesemaje? Kwa mtoto niliyemtandika? Ndoto ikaja yenyewe mdomoni, na kila nilipoisimulia ikanenepa. Ile mara ya kwanza hata mlima haukuwemo.

Tukaishi hivyo miaka mingi, mpaka alipofungua duka yule Mbambu mwenzangu, jirani yetu wa nyuma ya uzio, aliyekuwa akiuza sabuni. Siku moja napita naona kwenye meza yake chumvi. Pakiti, utepe wa zambarau, na namba 4 imekaa pale inanitazama. Nilifunga kitenge kiunoni nikavuka barabara bila kuangalia pikipiki.

"Mbambu," nikamwambia, "hiyo nne ni yangu."

Hakuinuka hata kwenye kiti. "Na mimi nilizaliwa ya ngapi? Kwenda uliza mama yangu."

Kweli yeye ni wa nne. Namjua dada yake Kabugho, nawajua wote.

"Na zambarau je?"

"Zambarau ni ya Kwaresima. Kwenda gombana na padri."

Watu wakacheka, wateja wangu mwenyewe wakacheka. Hasira hasara, tunawaambia watoto, lakini siku hiyo sikuwa na mtu wa kuniambia. Kesho yake nilikushika mkono tukapanda gari la Kasese kwa wakili, wewe uandike na mimi niseme.

Unamkumbuka yule kijana, tai yake imembana mpaka macho yanataka kutoka. Alinipokea vizuri. Nilidhani atanicheka niliposema nataka kumiliki namba na rangi. Kumbe! Akasema, "Mama, sheria yetu inakubali alama ya biashara ya kila namna. Jina, picha, namba, rangi, sauti, hata harufu."

"Hata harufu?"

"Hata harufu."

Nikakugeukia nikasema basi baba yako asajili viatu vyake vya saruji, hakuna atakayempinga. Wewe ulicheka. Wakili hakucheka, akaendelea kueleza, na hapa ndipo mama yako alipokosea kwa mara ya kwanza katika safari ile, kwa sababu nilisikiliza nusu. Alisema namba moja, mbili na tatu siwezi kuzishika kwa sababu wauza chumvi wote wanazitumia kutaja madaraja, lakini nne kwenye chumvi haielezi kitu, kwa hiyo inawezekana. Hapo masikio yangu yakashiba. Maneno yaliyofuata, kwamba ni kwenye chumvi tu, kwamba ikae pamoja na utepe, kwamba lazima wateja wathibitishe kuwa wakiiona wananifikiria mimi, yote yalinipita. Nilikuwa tayari nimeshafika Bwera, nimesimama mbele ya duka la Mbambu nimeshika kiuno.

Na kweli nilisimama, Mungu anisamehe. Nikasema kwa sauti ya kusikika forodhani: "Kuanzia leo, nne ni yangu! Serikali imenipa!"

Wewe ulinivuta nguo. Ulisema, "Mama, si hivyo alivyosema." Nikakuambia nyamaza, mambo ya wakubwa.

Basi jioni yake wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kwaya, kofia mkononi, anauliza kwa upole kama wimbo namba nne kitabuni wataendelea kuuimba au wauruke. Akaja kijana wa timu ya mpira anayevaa jezi namba nne, na kocha wake nyuma. Wakaja wanaume watatu, wote wanaitwa Kule kwa sababu wote ni wavulana wa nne kwao, wakakaa kwenye benchi letu, mkubwa wao akasema, "Dada, sisi akina Kule tunataka kujua. Tuhame, ama utatukodisha?" Baba yako alicheka mpaka akaingia ndani kujificha. Mimi sikucheka. Nilikuwa najaribu kukumbuka wakili alisema nini hasa, na nikaona aibu kukuuliza wewe uliyekuwa umeandika.

Mwisho nilikuuliza. Ukanisomea daftari lako pole pole, neno kwa neno, bila kunicheka hata kidogo. Ningekuwa mimi, ningenicheka.

Tukazunguka soko kutafuta ushahidi wa wateja. Hilo nililikumbuka jana nikacheka peke yangu njiani. Swali lilikuwa moja: "Ukiona zambarau, unafikiria nini?" Mama wa kwanza akasema Kwaresima. Wa pili akasema biringanya. Wa tatu akafikiri sana, akasema, "Jicho ya bwana yangu, ile siku alianguka na pikipiki." Mimi jasho linanitoka. Ndipo Mama Kahindo akasema, "Chumvi," wala hakuinua kichwa, na nyuma yake wanawake wa Kasindi wakaitikia, chumvi, chumvi ya Mama Masika. Nilitaka kuwabusu wote. Nikakuambia, "Futa biringanya. Futa na jicho." Ukasema, "Mama, walisema." Nikakuambia futa. Ukanitazama, ukafunika kalamu, ukaitia mfukoni.

Tukaenda nalo daftari kwa wakili, lina biringanya na jicho na yote. Akasoma, akafurahi. Akasema daftari linaloandika na mabaya ndilo linaloaminika. Nami badala ya kuelewa ninayefundishwa ni nani, nikavimba kifua kwamba binti yangu ni hodari.

Halafu akaniuliza, kalamu mkononi, "Na rangi, mama? Ilianzaje?"

Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti cha pembeni karibu na dirisha. Nilikuwa na nafasi. Pale pale, kwa sauti ya kawaida, ningesema, "Ni huyu hapa." Badala yake nikasema, "Nilioteshwa." Nikamwaga ndoto yote, na mlima, na utepe, na safari hii nikaongeza sauti ikiniita kwa jina. Akaandika. Tukapelekwa kwa yule bwana wa viapo, nikashika Biblia kwa mkono wa kulia, nikaapa kwamba yote ni kweli. Nilikutupia jicho la pembeni. Ulikuwa unatazama viatu vyako. Kwenye gari la kurudi uliniuliza kama nina kiu.

Ningepata adhabu siku ile ile ingekuwa nafuu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikatizwa na uzio wa jirani. Ombi lilipotangazwa kwenye gazeti la serikali ili mwenye kupinga apinge, Mbambu mwenzangu akapinga. Ulisome pingamizi lake siku moja, ni zuri kuliko ombi langu. Kwanza anasema yeye naye ni wa nne, na mama yake yu hai. Pili anasema zambarau mimi sikuiota. "Mwenye kuanzisha ni mtoto wake," anasema, "mimi niko jirani, siku ile mtoto alipigwa akalia mpaka nikazima redio yangu nikasikiliza." Ndipo wakili akakuandikia wewe ile barua, upite kwake kabla hujasafiri, useme na kuapa.

Sasa unaelewa kwa nini Jumanne maharagwe yaliungua kabla ya kubandikwa. Nilikuwa nimekuweka mahali pabaya kuliko pote anapoweza kuwekwa mtoto. Useme kweli, umfanye mama yako mwongo mbele ya serikali na kanisa. Ama useme uongo kwa mkono juu ya Biblia, wewe uliyekataa kufuta biringanya. Na mimi nikakuambia sema unalolijua, nikijua kabisa kwamba kwa sauti ile nilikuwa nakuomba useme ninalolitaka.

Usiku huo sikulala, na baba yako kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatoa hukumu. Alikuwa amegeukia ukutani, nikadhani amelala. Akasema, "Mama Masika, mimi nilipigwa mbili siku ile. Nikiitwa, nitasema." Akavuta blanketi.

Kwa hiyo jana niliposema nakwenda kununua sabuni, nilikwenda Kasese. Nadhani ulijua, kwa sababu nilivaa viatu vya kanisani.

Nilimwambia wakili yote, toka sanduku mpaka mwiko. Nilitegemea anifukuze. Aliweka kalamu chini, akalegeza ile tai yake, akaniuliza, "Mama, lakini kwa nini uliota?"

"Ili rangi iwe yangu."

Mwanangu, yule kijana alinitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. Akasema alama ya biashara haimtafuti aliyeiwaza. Inamtafuta aliyeitumia sokoni mpaka wateja wakamjua kwayo. Hata kama wazo lingetoka kwa mbuzi, rangi ingekuwa ya biashara yangu. Sheria haikuwahi kunihitaji niote.

Nilidanganya bure! Miaka yote hiyo, kanisani na kwenye Biblia, nilikuibia kitu ambacho sikukihitaji. Nilicheka pale ofisini mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka yakakataa kurudi, ikabidi karani aniletee maji.

Kuhusu ombi lenyewe, amelipunguza. Sasa ni utepe wa zambarau na 4 pamoja, kwenye pakiti ya chumvi, basi. Akina Kule wakae kwao kwa amani. Mbambu aweke 4 yake kama alivyopewa na mama yake, lakini afunge kwa rangi nyingine, na nimesikia anapima kijani na nyekundu, ameweka vitambaa mezani anauliza wapita njia. Leo asubuhi aliniuliza hata mimi. Nikamwambia nyekundu. Kampala watakubali au watakataa, sijui, na cha ajabu ni kwamba leo sijali sana.

Sikiliza jambo moja la kazi, halafu naacha. Unakwenda kuchora lebo za watu. Siku moja utatoa wazo mezani, na mtu mwenye kiti kikubwa kuliko chako atalinyanyua aseme ni lake, tena kwa sauti nzuri. Sijui utafanya nini siku hiyo, na sina la kukufundisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kwenye hicho kiti. Ninachojua ni kwamba yule mtu atakuwa anaogopa. Mimi niliogopa kwamba wakijua zambarau si yangu, wataona sina kitu, ni mwanamke tu aliyekaa na chumvi. Hilo si la kumhurumia sana. Ila sema kitu. Usitazame viatu vyako kama siku ile, kwa ajili yangu. Mimi sikustahili heshima hiyo.

Narudi kwa wakili, nimalize, maana nasikia mbwa wa jirani wanabweka na huenda ni wewe.

Alinipa njia rahisi. Akasema, "Tutafuta tu aya ya ndoto. Hakuna atakayemwita binti, hakuna atakayeuliza." Angepiga mstari mmoja, kwisha. Nusura nikubali, nakuambia kweli. Mdomo ulishafika kwenye "ndiyo". Nikamwambia hapana, tuandike kiapo kipya.

Akaandika nikisema, halafu akanisomea. Kwamba mimi, Mbambu, mwuza chumvi wa Bwera, naapa kuwa utepe wa zambarau ulianzishwa na binti yangu Masika akiwa na miaka tisa, kwa akili yake mwenyewe, bila kufundishwa na mtu wala ndoto. Akachukua muhuri.

Nikamwambia, "Bado. Andika kwamba nilimpiga."

"Mama, hiyo sheria haiihitaji."

"Hata ile ndoto haikuihitaji, ukaiandika. Andika. Nilimpiga, na sikumwomba msamaha mpaka leo."

Akaniangalia kidogo, akaandika. Nikashika Biblia, nikaapa, nikatia sahihi, muhuri ukagongwa, naye akaahidi kukupigia simu kwamba huna haja ya kupita kwake tena. Ukisoma haya itakuwa imo kwenye faili la serikali huko Kampala, mtu yeyote anaweza kwenda kuisoma. Wakili ameijua, karani ameijua, serikali imeijua, wote kabla yako, na hilo nalo ni kosa lingine.

Nilikosa, Masika. Ilikuwa imependeza. Nisamehe.

Mama yako